Mgonjwa Asaidiwe Kufa? Mabishano ya Uingereza na Sisi

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malaria, shinikizo la damu, lishe ya watoto na mambo ya namna hiyo. Mwezi huu tunagusa jambo ambalo wengi wetu hatupendi hata kulitaja: kufa. Tunaligusa kwa sababu wapo wazazi miongoni mwetu wenye watoto wanaofanya kazi ya uuguzi, au ya kutunza wazee, huko Uingereza. Wanasikia habari nusu nusu katika simu, kwamba kule wanataka madaktari wawape wagonjwa dawa ya kufa. Je, ni kweli? Na kijana wetu akiambiwa apeleke hiyo dawa kitandani kwa mgonjwa, afanye nini?

Tuanze kwa kunyoosha habari yenyewe. Muswada huo haukuletwa na serikali. Uliletwa mwezi Oktoba 2024 na mbunge mmoja, Bi. Kim Leadbeater wa chama cha Labour, na wabunge wakaachiwa wapige kura kila mmoja kwa dhamiri yake bila kushurutishwa na chama. Ulihusu England na Wales tu, kwa maana Scotland ina Bunge lake na huko ulikuwako muswada mwingine. Tarehe 29 Novemba 2024 wabunge 330 waliukubali na 275 wakaukataa. Ukapelekwa kwenye kamati, ukachambuliwa kifungu kwa kifungu, ukarudi, na tarehe 20 Juni 2025 ukapita tena kwa kura 314 dhidi ya 291. Msomaji anayejua hesabu ataona kwamba tofauti ilishuka kutoka kura 55 hadi 23. Kadiri wabunge walivyousoma, ndivyo baadhi yao walivyopata mashaka. Mwezi Septemba 2025 Baraza la Malodi nalo likaanza kuujadili, na humo mapendekezo ya marekebisho yakapita elfu moja. Kwa desturi ya Bunge lile, muswada wa mbunge binafsi usiomaliza safari yake kabla kikao hakijafungwa huanguka.

Muswada ulisema nini? Ulisema kwamba mtu mzima, mwenye miaka 18 au zaidi, mwenye akili timamu, ambaye anaugua ugonjwa usioponyeka na anatarajiwa kufa katika muda wa miezi sita, aweze kuomba msaada wa kukatisha maisha yake. Madaktari wawili wanaojitegemea wamwone, kwa nafasi ya siku saba kati ya mmoja na mwingine. Kisha jambo liende mbele ya jopo la watu watatu: mwanasheria wa ngazi ya juu, daktari wa magonjwa ya akili, na mfanyakazi wa ustawi wa jamii. (Hapo mwanzo lilikuwa liende kwa Jaji wa Mahakama Kuu, kamati ikalibadilisha, na badiliko hilo liliwaudhi wengi walioupigia kura muswada kwa sababu ya huyo jaji.) Jopo likikubali, mgonjwa angoje tena siku 14. Dawa ainywe au ajitilie mwenyewe; daktari hana ruhusa ya kumpa kwa mkono wake. Ulemavu peke yake, au ugonjwa wa akili peke yake, hautoshi kuwa sababu. Na mtu atakayemshurutisha mwingine kuomba hivyo angefungwa hadi miaka 14.

Tofauti hii ya nani anayeshika kikombe ni muhimu, maana watu huchanganya. Daktari anapomdunga mgonjwa sindano ili afe, hiyo ndiyo inayoitwa eutanasia, au kifo laini. Daktari anapoandika dawa na mgonjwa akainywa mwenyewe, huko ni kusaidia mtu kujiua. Uholanzi na Ubelgiji ziliruhusu yote mawili mwaka 2002. Muswada wa Uingereza ulitaka hilo la pili tu. Kwa Kanisa yote mawili ni kuua, ila ni haki kumwelewa mtu anavyosema kabla ya kumjibu.

Wala tusidhani kwamba wanaodai sheria hii ni watu wasio na huruma. Wengi wao wamekaa kando ya kitanda cha mama au mume, wakaona kifo kibaya, na hawakusahau. Mtangazaji mashuhuri wa televisheni, Bibi Esther Rantzen, mwenye saratani ya mapafu iliyoenea, alitangaza mwishoni mwa mwaka 2023 kwamba amejiandikisha na chama cha Dignitas huko Uswisi, ambako tangu 1942 sheria haimwadhibu anayemsaidia mtu kujiua ikiwa hana nia ya kujinufaisha. Tatizo, alieleza, ni kwamba jamaa zake wakimsindikiza wanaweza kuhojiwa na polisi wakirudi nyumbani. Na ni kweli. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1961 iliacha kumhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, lakini ikamwekea anayemsaidia adhabu ya hadi miaka 14. Kwetu Tanzania, Kanuni ya Adhabu tuliyorithi kutoka enzi za Waingereza ni kali kupita hiyo: anayemsaidia au kumshauri mwingine ajiue aweza kufungwa maisha.

Mabishano haya si ya jana. Mwaka 1936 muswada wa kwanza wa namna hii uliletwa mbele ya Malodi, wakaukataa kwa kura 35 dhidi ya 14. Mmoja wa waliosimama kuupinga alikuwa Lodi Dawson, daktari wa Mfalme. Alisema mambo kama hayo yaachiwe busara ya daktari. Miaka 50 baadaye, mwaka 1986, maandishi yake mwenyewe yalipotolewa hadharani, ikajulikana kwamba mwezi Januari wa mwaka ule ule wa 1936 alikuwa amemdunga Mfalme George wa Tano morfini na kokeini ili afe mapema, na sababu mojawapo aliyoiandika ni kwamba habari ya kifo iwahi gazeti la asubuhi lenye heshima badala ya magazeti ya jioni. Mfalme hakuulizwa. Tunakitaja kisa hiki kwa sababu wapo wanaosema, "Madaktari wanafanya hivyo kimya kimya, heri iwepo sheria." Hoja hiyo ina uzito, hatuipuuzi. Lakini sisi tunaona inaonyesha pia jambo lingine: kwamba mtu akishakuwa hoi kitandani, sababu za wale wanaomzunguka huingia kwa urahisi mno mahali pa sababu zake.

Tuangalie basi pale ambapo sheria imekwisha kutumika. Jimbo la Oregon, Marekani, lilipiga kura ya wananchi mwaka 1994, sheria ikaanza kutumika 1997, na muswada wa Uingereza uliifuata katika mengi, hata ile miezi sita. Kila mwaka jimbo hutoa hesabu zake wazi, jambo tunalolisifu. Mwaka 1998 waliokufa kwa dawa hizo hawakufika 20. Mwaka 2023 madaktari waliandika dawa kwa watu 560, na waliokufa kwa kuzitumia walikuwa 367. Waliopewa na wasizitumie ni wengi pia, kila mwaka. Baadhi hufa kwa ugonjwa wenyewe, chupa ikiwa ndani ya kabati.

Lakini kilichotushangaza zaidi ni sababu wanazotoa. Msomaji wetu atadhani ni maumivu. La. Zaidi ya watu 9 kati ya 10 walisema wanahofia kupoteza uhuru wa kujiamulia mambo yao. Wengi sana walisema hawawezi tena kufanya yale yaliyowafurahisha. Zaidi ya 4 kati ya 10 walitaja kuwa mzigo kwa jamaa na watunzaji. Maumivu, au hofu ya maumivu yatakayokuja, yalitajwa na kama theluthi moja tu. Ndugu msomaji, rudia neno hilo: mzigo. Kila aliyeuguza mzee nyumbani amelisikia. "Nawasumbua, wanangu." "Hela ya shamba imeishia kwangu." Mzee anaposema hivyo anataka kujibiwa. Anaangalia uso wa mkwe wake anapomgeuza. Jopo la watu watatu waliosoma sana linaweza kugundua kama ametishwa kwa fimbo. Kugundua kwamba ameshurutishwa na uso wa mtu aliyechoka ni kazi nyingine.

Kanada imekwenda mbali kuliko Oregon, na kwa haraka. Mwaka 2016 waliruhusu kwa wale ambao kifo chao kilionekana kukaribia. Mwaka 2021 sharti hilo likaondolewa, hata mtu mwenye ugonjwa wa kudumu asiyekaribia kufa aweze kuomba. Mwaka 2023 waliokufa kwa njia hiyo walikuwa 15,343, yaani karibu 5 katika kila vifo 100 vya nchi nzima. Watetezi wa muswada wa Uingereza walijibu kwamba wao walifuata Oregon, si Kanada, na kwamba Oregon haikupanua ugonjwa unaostahili kwa miaka yote hiyo. Hilo nalo ni kweli. Walemavu wa Uingereza hawakuridhika. Vyama vyao vingi vilipinga. Nacho Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili, ambacho wanachama wake wangekaa katika majopo yale, kilitamka Mei 2025 kwamba hakiwezi kuuunga mkono muswada jinsi ulivyokuwa. Walikuwa na hoja ya kitabibu: mtu mwenye ugonjwa mzito mara nyingi ana huzuni inayotibika, na huzuni hiyo ikitibiwa hamu ya kufa hubadilika.

Kuna na ile miezi sita. Yeyote aliyefanya kazi wodini anajua jinsi ilivyo vigumu kuitabiri. Daktari anaweza kusema siku mbili au tatu na asikosee sana, kwa kuangalia pumzi, mkojo, rangi ya miguu. Miezi sita ni makisio. Tumewaona walioambiwa hawatafika Pasaka wakala Krismasi na sisi, na wengine wakaenda upesi kuliko ilivyotarajiwa.

Sasa tuseme wazi Kanisa linafundisha nini, maana hapa Wakristo wengi hukosea pande zote mbili. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika Waraka wake Injili ya Uhai wa mwaka 1995, alitamka kwamba eutanasia ni uvunjaji mzito wa sheria ya Mungu. Mafundisho hayo yalirudiwa mwaka 2020 katika barua ya Msamaria Mwema iliyotolewa na Idara ya Mafundisho ya Imani. Hilo linajulikana. Lisilojulikana ni kwamba Kanisa halimlazimishi mtu ang'ang'anizwe na mashine. Matibabu yakiwa mazito kupita faida yake, mgonjwa ana haki ya kuyakataa, akabaki na matunzo ya kawaida: kulishwa na kunyweshwa kadiri mwili unavyopokea, kuoshwa, kugeuzwa, kuondolewa maumivu. Anayekataa opasheni ya nne hajiui. Yohane Paulo wa Pili mwenyewe, baada ya kulazwa hospitali mara mbili mwanzoni mwa 2005, hakurudishwa tena huko. Alikufa chumbani kwake tarehe 2 Aprili.

Tena, kumpa mgonjwa dawa kali ya maumivu si eutanasia. Papa Pio wa Kumi na Mbili alilijibu swali hili mwaka 1957, alipoulizwa na madaktari: kama hakuna njia nyingine, na nia ni kuondoa maumivu, dawa yaweza kutolewa hata ikidhaniwa kwamba itafupisha maisha. Tunaandika haya kwa uzito kwa sababu tunajua familia za Kikatoliki zilizokataa morfini kwa kuogopa dhambi, mgonjwa akalia usiku kucha. Kilio hicho hakikumpendeza Mungu.

Hapo ndipo mabishano ya Uingereza yanapotugusa sisi. Waziri wa Afya wa kule wakati huo, Bw. Wes Streeting, aliyepiga kura ya kukataa, alisema huduma kwa wagonjwa wa mwisho nchini mwake haitoshi kiasi cha kumpa mtu uchaguzi wa kweli. Nayo ni nchi ambayo Dkt. Cicely Saunders alifungua nyumba ya St Christopher, London, mwaka 1967, akaufundisha ulimwengu kwamba maumivu ya saratani yanaweza kutulizwa! Nyumba zile mpaka sasa serikali huzipa takriban theluthi moja tu ya gharama. Zinazobaki hutafutwa kwa michango, minada na maduka ya nguo za mitumba. Wabunge wengi walijiuliza kama ni haki kumjengea mgonjwa mlango wa kutokea kabla ya kumtengenezea kitanda.

Mbegu ya Dkt. Saunders imeota pia huku kwetu. Nyumba ya Nairobi ilianza mwaka 1990. Mwaka 1993 Dkt. Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool aliyewahi kuwa mtawa mmisionari, alianza kazi Kampala katika kijumba alichoazimwa na Hospitali ya Nsambya, akiwa na wauguzi wachache na morfini ya maji. Dawa hiyo ni rahisi kutengeneza kuliko watu wanavyodhani: unga wa morfini, maji safi, kihifadhi, na rangi ya kuonyesha nguvu yake. Mwaka 2004 Uganda ilibadili sheria ili wauguzi na matabibu waliofunzwa waweze kuiandika, maana vijijini daktari hayupo. Hapa Tanzania kwa miaka mingi mgonjwa aliipata Ocean Road tu, Dar es Salaam. Baadaye ikafika hospitali nyingine, zikiwamo za makanisa. Huduma hii yenyewe sasa huitwa tiba shufaa.

Basi, kama una mgonjwa nyumbani mwenye saratani au ugonjwa mwingine usiopona, uliza hospitali yako kama wanatoa tiba shufaa, na kama hawatoi, wakuandikie barua ya kwenda wanakotoa. Maumivu hutibiwa kwa ngazi: kwanza panadol na jamii yake, kisha dawa za katikati kama kodeini, kisha morfini. Si lazima mgonjwa apitie ngazi zote akiwa analia. Maumivu makali hustahili dawa kali. Morfini ya maji hunywewa kwa saa, kwa kawaida kila baada ya saa nne, na si kungoja maumivu yarudi. Siku za kwanza yaweza kuleta kichefuchefu na usingizi. Vingi hupungua baada ya siku chache. Kisichopungua ni kufunga choo. Kwa hiyo dawa ya kulainisha choo itolewe pamoja na morfini tangu siku ya kwanza, ukisahauliwa, idai. Mgonjwa wa saratani anayeinywa kwa maumivu hageuki kuwa teja. Wala haimwui, ikiwa kipimo kimeanza kidogo na kuongezwa na mtaalamu. Lakini msijipimie wenyewe, msimwazime jirani, na chupa ikae mbali na watoto.

Na yule kijana wetu aliyeko Uingereza? Muswada uliopitishwa na wabunge ulisema hakuna mtu anayelazimika kushiriki, awe daktari, muuguzi, mfamasia au mtunza wazee, na kwamba mwajiri asimwadhibu kwa kukataa. Pendekezo la kuziruhusu nyumba za wazee na za wagonjwa kukataa kama taasisi lilishindwa Mei 2025, na Wakatoliki wenye nyumba za namna hiyo walihuzunika sana. Kwa hiyo tunamshauri: sheria kama hii ikifika mahali anapofanya kazi, aseme mapema na kwa maandishi kwa msimamizi wake kwamba dhamiri yake haimruhusu, asingoje aitwe usiku wa manane. Ajue pia kwamba kukataa kupeleka ile dawa si kumkataa mgonjwa. Aendelee kumwosha, kumpa maji, kumsikiliza anapouliza kwa nini Mungu hamchukui. Kama mgonjwa ni Mkatoliki, amwite Padre kwa Mpako wa Wagonjwa na Komunyo hata kama ameshatia sahihi zake zote. Mtu aweza kubadili nia hadi dakika ya mwisho, na muswada wenyewe uliliweka hilo.

Mzazi naye asimpigie simu mwanawe kumtisha tu. Amwulize kazi anavyoiona. Watoto wetu hawa wanakesha na wazee wa watu ambao watoto wao wenyewe huja mara moja kwa mwezi, au hawaji kabisa. Na mara nyingi mkono wa mwisho kushikwa na yule mzee ni wa kijana wa Moshi au wa Nyeri. Mambo wanayoyaona huko ni mazito, na wengi hawana wa kumwambia.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaeleza kwa picha jinsi ya kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya mgongo, na jinsi ya kumsafisha kinywa asiyeweza tena kunywa.